Treo 180: simujanja ya mfuniko

Treo 180 ilikuwa simu ya kwanza kamili ya Handspring, kampuni ya Mountain View, California, na ni miongoni mwa simujanja za mwanzo kabisa zenye mfuniko wa kufunua. Ilitangazwa Oktoba 2001 na kuingia madukani mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kwa dola 399 kwa mteja aliyejiunga na mtandao wa simu na dola 549 kwa asiyejiunga. Katika kifaa cha gramu 150 hivi kulikuwamo simu ya GSM, shajara, kitabu cha namba, kivinjari cha intaneti na kibodi ndogo ya kuchapa kwa vidole gumba. Vipuri vyake havikuwa vya ajabu hata kwa wakati ule. Kilichoitofautisha na wenzake ni namna vilivyounganishwa: jina la mtu, namba yake na kitendo cha kumpigia viligeuka kuwa jambo moja, na hatua ya kwanza ya jambo hilo ilikuwa kufunua mfuniko.

Majaribio ya kuoanisha simu na kompyuta yalikuwa yameanza zamani kidogo. Mwaka 1994 IBM na kampuni ya simu ya BellSouth waliuza Simon, simu nzito yenye kioo cha kugusa, iliyoweza kutuma faksi na barua pepe lakini ikaishiwa chaji baada ya saa moja hivi ya maongezi. Mwaka 1996 Nokia ilitoa 9000 Communicator, yenye gramu 397, iliyofunguka kwa ubavu. Ikiwa imefungwa ilikuwa simu ya vitufe. Ikifunguliwa ilikuwa kompyuta ndogo yenye kioo kirefu na kibodi yake. Kazi hizo mbili zilikaa nyumba moja, lakini kila moja na chumba chake.

Ericsson R380 ya mwaka 2000 na Kyocera 6035 ya mwaka 2001 zilipita njia nyingine. Zote mbili zilikuwa na kioo kirefu cha kugusa, na juu ya sehemu ya kioo hicho kililala kipande cha kufunua chenye vitufe vya namba. Kipande kikifungwa, mtu aliona simu ya kawaida. Kikifunuliwa, kioo chote kilijitokeza. R380 haikumruhusu mwenye simu kuongeza programu zake mwenyewe. Kyocera ilitumia mfumo wa madaftari ya kielektroniki ya Palm, kwa hiyo iliruhusu, ila ilizidi gramu 200 na ilivuta chini mfuko wa shati. Katika simu hizi mfuniko ulikuwa kibao cha namba. Ulikuwapo ili kumtuliza mnunuzi ambaye bado aliamini kwamba kitu kisicho na vitufe 12 si simu.

Mfuniko wa simu za kawaida ulikuwa na asili tofauti. Motorola iliuza MicroTAC mwaka 1989, ikiwa na kipande chembamba cha kufunika vitufe, kisha Januari 1996 ikatoa StarTAC, simu ya gramu 88 iliyokunjika katikati. Sababu ya kukunja ilikuwa ya kimaumbile tu: umbali kati ya sikio na mdomo wa mtu mzima haupungui kwa sababu simu imekuwa ndogo. Simu inayokunjwa huwa fupi mfukoni na ndefu shavuni. Pia vitufe vyake havijibonyezi vyenyewe ndani ya mkoba, na maongezi huanza na kuisha kwa mkono mmoja, bila kutafuta kitufe cha kukata. Watu wengi waliopata kutumia simu ya kukunja hukumbuka zaidi ule mlio wa kuifunga baada ya mazungumzo ya hasira.

Walioanzisha Handspring hawakutokea katika biashara ya simu. Jeff Hawkins aliunda kampuni ya Palm Computing mwaka 1992, na baadaye akaungana na Donna Dubinsky, aliyekuwa mkurugenzi mkuu, na Ed Colligan, aliyeshughulikia masoko. Kifaa chao cha kwanza, Zoomer, kilitoka mwaka 1993 na hakikufanikiwa: kilikuwa kikubwa, cha polepole, na kilijaribu kufanya mambo mengi mno. Kwa kifaa cha pili Hawkins alibadili utaratibu. Alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa kuingia mfuko wa shati, akatembea nacho siku nzima, na kila alipohitaji namba ya mtu au tarehe ya kikao alikitoa na kujifanya anakiandikia kwa kijiti. Kwa njia hiyo alijua ni mambo gani mtu huyahitaji kweli anapokuwa njiani, kabla hata ya waya mmoja kuunganishwa. Matokeo yake yalikuwa Pilot ya mwaka 1996, daftari la kielektroniki lililouzwa kuanzia dola 299. Lilikuwa na shajara, majina na anwani, orodha ya kazi na mahali pa kuandika vidokezo, na kwa kubonyeza kitufe kimoja liliwianisha kumbukumbu zake na kompyuta ya mezani.

Kampuni yenyewe ilikuwa imepita mikononi mwa wengine. U.S. Robotics iliinunua Palm mwaka 1995, na mwaka 1997 U.S. Robotics nayo ikamezwa na 3Com. Waanzilishi watatu walitaka Palm isimame peke yake, 3Com ikakataa. Mwaka 1998 waliondoka, wakaanzisha Handspring, na wakachukua leseni ya kutumia mfumo ule ule wa Palm waliouunda wao wenyewe. Bidhaa yao ya kwanza, Visor, ilitoka mwaka 1999. Mgongoni ilikuwa na tundu kubwa lililoitwa Springboard, ambamo mtu aliweza kuchomeka kamera, kipokea GPS, kicheza muziki au memori ya ziada.

Kimojawapo cha vipande hivyo vya kuchomeka kilikuwa VisorPhone, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2000. Ilichomekwa juu ya Visor, ikawa na antena na betri yake, na kuligeuza daftari kuwa simu ya GSM. Umbo lake lilikuwa la kuchekesha: simu ilikaa mgongoni mwa kompyuta, na mtu aliyepiga alishika shavuni kitu kikubwa kuliko kiganja. Lakini programu yake ilikuwa nzuri. Namba zilipigwa moja kwa moja kutoka orodha ya majina, na mtu aliweza kuweka watu watatu katika mazungumzo mamoja kwa kugusa vitufe vilivyoandikwa maneno ya kueleweka, kazi ambayo kwenye simu za kawaida ilihitaji kukariri alama za nyota na reli. Handspring ilijifunza hapo kwamba sehemu ngumu ya simu za wakati ule ilikuwa kumfanya mwenye simu atumie yale ambayo tayari yamo ndani yake.

Mwaka 2001 soko la madaftari ya kielektroniki lilianguka. Kampuni za intaneti zilikuwa zimefilisika kwa wingi nchini Marekani, wateja walipungua, na maghala yalijaa bidhaa zisizouzika. Palm ilipunguza bei, Handspring ikalazimika kufuata, na faida ikayeyuka kwa kampuni zote mbili. Kwa kampuni ndogo iliyokuwa ikipata hasara, kushindana kwa bei kulikuwa kujimaliza. Uongozi wa Handspring uliamua kuachana na madaftari taratibu na kuweka nguvu zake katika simu. Tundu la Springboard, lililokuwa fahari ya Visor, halikupewa nafasi katika Treo. Uamuzi huo uliwakera waliokuwa wameshanunua vipande vya kuchomeka, lakini bila huo Treo isingekuwa nyembamba.

Ikiwa imefungwa, Treo 180 ilikuwa na urefu wa sentimita 11, upana unaokaribia 7 na unene wa chini ya 2. Antena fupi ilichomoza juu kwenye kona. Ubavuni kulikuwa na swichi ya kusukuma juu na chini na kubonyeza ndani, iliyomwezesha mtu kupitia orodha kwa kidole gumba bila kutoa kalamu. Kalamu yenyewe ilichomekwa mgongoni. Juu kabisa, karibu na antena, kulikuwa na swichi ndogo ya kuteleza. Ikisukumwa upande mmoja, kila mlio ndani ya simu ulinyamaza: wa kuita, wa meseji, wa kengele ya shajara. Simu nyingine za wakati huo zilimtaka mtu aingie kwenye menyu, atafute mipangilio, achague aina ya mlio, kisha athibitishe, huku msikiti au kanisa zima limegeuka kumtazama. Kwenye Treo jambo hilo lilikwisha kwa ukucha, hata simu ikiwa ingali mfukoni. Swichi hiyo ilidumu katika simu za Treo zilizofuata, na miaka mitano baadaye iPhone nayo ilikuja na swichi ya kunyamazisha ubavuni.

Mfuniko haukuwa na vitufe wala kioo cha pili. Ulikuwa ubapa mwembamba wa plastiki ulioshikwa na bawaba upande wa juu, na katikati yake kulikuwa na dirisha la plastiki angavu. Kwa kupitia dirisha hilo mtu aliweza kusoma kioo bila kufunua, kwa mfano kujua nani anapiga au ni saa ngapi. Spika ya sikioni iliwekwa kwenye mfuniko wenyewe, kwenye ncha iliyo mbali na bawaba. Mfuniko ukifunuliwa, spika ilisogea juu hadi sikioni na maikrofoni ikabaki chini ya kibodi, karibu na mdomo. Kioo na kibodi, vilivyojaza uso wote wa mwili, havikuacha nafasi ya spika. Mfuniko ndio uliompa mhandisi nafasi ya ziada.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo haisemwi sana. Kioo cha Treo kilikuwa cha kugusa, cha aina inayohisi mkandamizo, na kukibana shavuni kungeweza kubonyeza chochote kilichokuwa juu yake. Kwa kuinua sikio mbali na kioo, mfuniko ulipunguza hatari hiyo, na ulipofungwa ulikikinga kioo na funguo na sarafu za mfukoni. Vyombo vya kutambua kwamba simu iko karibu na uso, ambavyo sasa huzima kioo wakati wa maongezi, havikuwamo.

Zaidi ya yote, mfuniko ulikuwa amri. Kuufunua wakati simu inaita kulipokea, kuufunga kulikata. Kuufunua wakati wowote mwingine kuliwasha kifaa na kuleta moja kwa moja programu ya simu, ambako kioo kilionyesha tarakimu kubwa za kugusa kwa kidole. Mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta aliweza kupiga namba bila kufundishwa. Aliyetaka zaidi alibonyeza kitufe cha simu tena, akaona orodha ya watu anaowapigia mara kwa mara, kisha majina yote, kisha kumbukumbu za simu zilizopigwa na zilizokosekana.

Katika orodha ya majina ndipo ubora wa Treo ulipoonekana. Daftari la Palm lingeweza kubeba maelfu ya majina, na kutembeza orodha ndefu kiasi hicho kwa kidole ni adhabu. Handspring ilimruhusu mtu aandike herufi ya kwanza ya jina la kwanza, ikifuatwa na herufi za mwanzo za jina la ukoo. Kumpata John Smith kulihitaji J, S na M. Kwa kawaida herufi ya tatu ilitosha kubakiza mtu mmoja au wawili kwenye kioo. Bonyezo moja la swichi ya ubavuni likapiga. Simu nyingi za mwaka 2002 zilihifadhi jina moja na namba moja kwenye laini, kwa hiyo mtu mwenye namba ya kazini, ya nyumbani na ya mkononi aliandikwa mara tatu. Kwenye Treo alikuwa mtu mmoja mwenye namba tatu, pamoja na anwani yake, barua pepe yake na maelezo ya walichozungumza mara ya mwisho.

Mazoea haya ya kuhesabu hatua yalitoka Palm. Rob Haitani, aliyesanifu sura ya programu za Pilot na baadaye akahamia Handspring, alijulikana kwa kuuliza kila kazi inahitaji mibonyezo mingapi na kuikataa ile inayozidi. Msimamo huo unaeleza kwa nini kifaa chenye prosesa ya Motorola Dragonball ya megahezi 33 tu kilionekana chepesi kuliko washindani wenye nguvu zaidi. Mfumo wa Palm OS, toleo la 3.5 lililorekebishwa na Handspring, uliendesha programu moja kwa wakati. Kila programu ilifunguka papo hapo na kufungwa papo hapo. Memori ilikuwa megabaiti 16, na hakukuwa na tundu la kadi ya kuiongeza, ila tayari kulikuwa na maelfu ya programu zilizoandikwa kwa Palm: kamusi, hesabu za madaktari, ramani za treni, michezo, vitabu.

Kibodi nayo ina kisa chake. Hawkins ndiye aliyebuni Graffiti, mwandiko wa Palm ambao kila herufi iliandikwa kwa mchoro mmoja usioinua kalamu. Mwandiko huo ulikuwa ndio utambulisho wa vifaa vyake tangu Pilot. Wakati huo huo kampuni ya Kanada ya Research In Motion, iliyotengeneza BlackBerry, ilikuwa imewaonyesha wafanyakazi wa maofisini kwamba vidole gumba viwili vinaweza kuandika barua pepe kwenye kibodi yenye upana wa kiganja. Graffiti ilihitaji mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kuandika, na ilihitaji kujifunza. Mtu aliyesimama ndani ya basi hawezi kuandika hivyo. Hawkins alikubali kuweka kibodi, jambo ambalo si wabunifu wengi wangelikubali dhidi ya uvumbuzi wao wenyewe. Kwa kuhofia kuwapoteza wapenzi wa Graffiti, Handspring ilitoa matoleo mawili kwa bei moja: Treo 180 yenye kibodi na Treo 180g yenye eneo la kuandikia kwa kalamu. Wanunuzi walichagua kibodi. 180g haikupata mrithi.

Vitufe vya kibodi hiyo vilikuwa vidogo na vyenye mgongo wa mviringo, ili ncha ya kidole ishike kimoja bila kugusa cha jirani. Tarakimu zilishirikiana vitufe na herufi. Juu yake kulikuwa na safu ya vitufe vinne vya kufungulia programu kuu, na vitufe vya kupanda na kushuka katikati. Kwenye 180 kibodi haikuwa na taa. Kioo kilikuwa nayo, kwa hiyo gizani mtu alisoma vizuri alichoandika lakini alibahatisha anachobonyeza.

Kioo kilikuwa cha nukta 160 kwa 160, cha rangi ya kijivu yenye viwango 16. Kwa macho ya leo ni duni. Hata hivyo kilisomeka vizuri juani, hakikula betri, na kwa kazi ya majina na miadi hakikukosa kitu. Upande wa mtandao, simu ilishika masafa mawili ya GSM: 900, yaliyotumika Ulaya, Asia na Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, na 1900 ya Marekani. Haikushika 1800, na kwa hiyo wateja wa baadhi ya mitandao ya Ulaya, kama Orange ya Uingereza, hawakuweza kuitumia kwa laini zao.

Intaneti ndiyo iliyokuwa sehemu dhaifu. Kivinjari cha Blazer kilitoka Bluelark, kampuni ndogo iliyonunuliwa na Handspring. Kilitegemea kompyuta ya kati iliyopokea kurasa, ikazipunguza picha na kuzipanga upya zitoshe kioo kidogo, kisha ikazituma kwenye simu. Mpango huo ulikuwa wa busara kwa sababu njia yenyewe ilikuwa nyembamba sana. Treo 180 ilipotoka haikuwa na GPRS, njia ya data isiyohitaji kupiga simu kwanza. Ili kufungua ukurasa ilipiga simu kwa mtoa huduma, ikasubiri iunganishwe, kisha ikapokea data kwa kasi isiyozidi kilobiti 14.4 kwa sekunde, huku dakika zikihesabiwa kama za maongezi. Barua pepe haikuja yenyewe kama kwenye BlackBerry. Mwenye simu aliifuata. Programu ya kuongeza GPRS ililetwa baadaye, lakini kwa mnunuzi wa miezi ya mwanzo ahadi ya intaneti mfukoni haikuzidi maneno ya tangazo.

Betri ilifungiwa ndani, na ilikadiriwa kutoa saa mbili na nusu za maongezi na saa 60 za kusubiri. Kwa mtu aliyezoea daftari la Palm linalokaa wiki kadhaa kwa betri mbili ndogo za dukani, kuchaji kila usiku kulikuwa utumwa mpya. Kulikuwa na hatari kubwa zaidi: memori ilishikiliwa na umeme wa betri hiyo hiyo. Ikiachwa ikauka kabisa, majina, miadi na programu zote vilifutika. Kinga pekee ilikuwa kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB kila mara, ili nakala ya kila kitu ibaki mezani. Aliyefanya hivyo alipata faida ambayo wenye simu za kawaida hawakuwa nayo: hata simu ikiibwa, alinunua nyingine, akaichomeka, na baada ya dakika chache maisha yake yote yakarudi.

Na mfuniko? Ulifanya kazi nyingi, na ndio ulioumia kwanza. Waya za spika zilipita ndani ya bawaba na kujikunja kila ulipofunuliwa. Plastiki nyembamba yenye kufunguliwa mara 30 au 40 kwa siku huchoka, na simu ikianguka ikiwa wazi, bawaba ndiyo hupokea kishindo. Ilitosha waya mmoja kukatika na sikio likabaki halisikii kitu, hata kama sehemu nyingine zote za simu zilikuwa nzima. Kulikuwa pia na usumbufu wa kila siku. Aliyetaka kujibu meseji moja tu alilazimika kufunua, na kifaa kilichofunuliwa kilikuwa kirefu, kimeinamia upande wa juu, kigumu kuchapia kwa mkono mmoja.

Mwaka 2002 Handspring ilitoa simu mbili nyingine za mfuniko. Treo 270 ilikuwa na kioo cha rangi 4,096 na taa chini ya vitufe vya kibodi. Rangi zilipendeza ndani ya nyumba na kufifia nje. Katika hili 180 ya kijivu ilibaki kuwa bora kwa mtu wa juani. Treo 300, iliyouzwa kuanzia Agosti kupitia kampuni ya simu ya Sprint ya Marekani, ilikuwa karibu sawa na 270 lakini ilitumia mtandao wa aina ya CDMA badala ya GSM. Sprint ilikuwa imetandaza mtandao mpya wa data mwaka huo huo, na kwa mara ya kwanza kivinjari na barua pepe za Treo vilikuwa na kasi inayovumilika. Kati ya simu hizo tatu za Treo zenye mfuniko, 300 ndiyo iliyokaribia zaidi kile kilichoahidiwa na ya kwanza.

Washindani walichukua wazo la kukunja kwa namna zao. Kyocera 7135 ilikunjika kama simu ya kawaida: kioo cha rangi juu, vitufe vya namba chini, mfumo wa Palm OS 4.1, tundu la kadi ya SD na uwezo wa kucheza muziki wa MP3. Ilikuwa na mengi kuliko Treo, lakini ilikuwa nene na haikuwa na kibodi ya herufi, hivyo kuandika kulirudi kwenye Graffiti. Samsung SPH-i500 ya mwaka 2003 ilikuwa ndogo zaidi kwa mtindo huo huo. Mwaka huo huo Motorola ilitoa MPx200, ya mfumo wa Microsoft, isiyo na kioo cha kugusa, Bluetooth wala kamera. Hii ilikuwa simu ya kukunja iliyoongezewa shajara, na aliyejaribu kuandikia barua pepe kwa vitufe 12 hakurudia mara nyingi.

Handspring yenyewe iliacha mfuniko kabla ya wote hao. Treo 600, iliyotoka vuli ya mwaka 2003, ilikuwa na umbo moja lisilokunjika. Spika ilihamia juu ya kioo, kioo kikasogezwa, kibodi ikabanwa, na kitufe cha kuelekeza pande nne kikawekwa katikati ili kazi nyingi zifanyike kwa kidole gumba kimoja bila kalamu. Kamera ndogo, tundu la kadi ya SD na prosesa ya kasi zaidi viliongezwa. Kila kitu ambacho mfuniko ulikuwa umekifanya kwenye 180 kilipatiwa njia nyingine: kupokea kwa kitufe, kukinga vitufe kwa kufuli la programu, kufikia sikio kwa kuongeza kidogo urefu wa mwili. Kilichobaki ni kile ambacho mfuniko ulikuwa ukifungulia, yaani programu ya simu, orodha ya majina kwa herufi chache, swichi ya kunyamazisha na kibodi. Treo 600 ilifanikiwa kibiashara kuliko zote zilizoitangulia, na umbo lake, kioo juu na kibodi chini, lilitawala simu za maofisini hadi mwishoni mwa muongo ule.

Handspring haikufaidi mafanikio hayo kwa jina lake. Mwaka 2003, kabla ya Treo 600 kuenea, iliungana na Palm, kampuni ile ile ambayo waanzilishi wake walikuwa wameikimbia miaka mitano nyuma. Simu ikaendelea kuuzwa chini ya jina la palmOne, na mwaka 2004 ikafuatwa na Treo 650, yenye kioo bora, betri ya kubadilisha na memori isiyofutika umeme unapoisha.

Mfuniko haukufa katika simujanja za wengine. BlackBerry ilijaribu mwaka 2008 kwa Pearl Flip, iliyokuwa na kioo kidogo cha nje cha kusomea ujumbe bila kufunua, lakini iPhone ilikuwa tayari na mwaka mmoja sokoni na wanunuzi walitaka kioo kikubwa kisichokatwa na bawaba. Ilibidi kungoja hadi kioo chenyewe kiweze kukunjika. Galaxy Z Flip ya Samsung, iliyotoka Februari 2020, ilirudisha umbo la kufunua kwa sababu ile ile ya StarTAC, yaani kuifanya simu ndefu iwe fupi mfukoni, na ikarudi pia na wasiwasi ule ule wa bawaba.

Palm ilinunuliwa na HP mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2 hivi. Jina la Treo lilikuwa limekwisha kuachwa kabla ya hapo, na baada ya Treo 300 haikutengenezwa tena hata moja yenye mfuniko.